Kwa nini viumbe wa sayari nyingine huchorwa kwa sura ya mtu?

Hadi leo sayansi haijathibitisha kuwapo kwa kiumbe hai yeyote nje ya dunia, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Hata hivyo, ukimwomba mtu akuchoree mkazi wa sayari ya mbali, hatakosa la kuchora: kichwa kikubwa, macho mawili makubwa meusi, mikono miwili, na miguu miwili ya kusimamia wima. Kwa ufupi, atakuchorea mtu aliyebadilishwa kidogo.

Sababu ya kwanza haina siri yoyote, nayo ni mavazi. Kabla kompyuta hazijaanza kutengeneza picha za sinema, mara nyingi kiumbe aliyeonekana akitembea alikuwa na mwigizaji ndani yake. Mfaransa Georges Méliès alipotoa filamu yake ya safari ya mwezini mwaka 1902, wenyeji wa mwezi waliigizwa na wanasarakasi. Tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1966, ilikuwa na fedha chache na wageni wengi wa kuonyesha kila juma. Masikio yaliyochongoka na nyusi zilizopinda zilitosha kumfanya Spock asiwe mtu wa dunia hii. Hata lile jinamizi la filamu ya Alien ya mwaka 1979, lililobuniwa na msanii wa Uswisi H. R. Giger, lilikuwa na mtu ndani: Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Alichaguliwa kwa sababu ya urefu na wembamba wake, ili mtazamaji asahau kwamba anamtazama binadamu.

Lakini mavazi hayaelezi vitabu, kwani mwandishi hana gharama ya kushona vazi. Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake ya mwaka 1898 kuhusu uvamizi wa watu wa Mirihi, aliwapa wavamizi hao miili inayokaribia ya pweza, yaani vichwa vikubwa vyenye minyiri. Tabia zao lakini ni za kibinadamu kabisa. Wanakuja na silaha bora, wanatwaa ardhi, na wanawaona wenyeji kuwa si kitu. Wells mwenyewe, katika kurasa za mwanzo, anakumbusha jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi kutoka Ulaya. Msomaji wa Afrika Mashariki, akikumbuka yaliyokuwa yakitendeka kwetu katika mwongo huohuo, hapati taabu kuwatambua wavamizi hao.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Ward alichapisha utafiti unaofafanua jambo hili. Aliwataka wanafunzi wa chuo kikuu wabuni wanyama wa sayari iliyo tofauti sana na dunia. Wengi walichora wanyama ambao upande wa kulia unalingana na wa kushoto, wenye macho na miguu. Walipoambiwa kwamba mnyama ana manyoya ya ndege, waliongeza mbawa na mdomo wa ndege, ingawa hakuna aliyewaagiza. Akili inapotakiwa kubuni kitu kipya, huchukua kwanza kile inachokijua, kisha hukigeuza kidogo.

Jambo hili si la zama za sinema pekee. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, Mgiriki Xenophanes alitambua kwamba kila taifa huipa miungu yake sura za watu wa taifa hilo, akaongeza kuwa hata ng'ombe na farasi, laiti wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangeichora miungu yenye umbo lao. Mholanzi Christiaan Huygens, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1698 baada ya kifo chake, alihoji kwamba wakazi wa sayari nyingine lazima wawe na mikono, kwani bila mikono wangewezaje kushika ala za elimu ya falaki? Alikuwa mnajimu, naye akawabuni wanajimu. Nako pwani yetu, jini wa hadithi huja na umbo la mtu mzuri wa kupendeza, mpaka mtu atazame chini na kuona kwato.

Je, huenda wachoraji hao wamepatia bila kujua? Hapa wanabiolojia hawakubaliani. Mwaka 1964 George Gaylord Simpson alihoji kwamba binadamu ni zao la mlolongo mrefu wa matukio ambayo hayawezi kujirudia kwa mpangilio uleule kwingineko. Stephen Jay Gould alitetea hoja inayofanana mwaka 1989. Upande wa pili yuko Simon Conway Morris wa Uingereza, anayesema mageuko ya viumbe huifikia njia ileile mara nyingi. Papa ni samaki na pomboo ni mnyama anayenyonyesha, lakini maji yamewapa umbo moja.

Mfano unaonivutia zaidi ni pweza, kwa kuwa unazisaidia pande zote mbili. Jicho lake lina lenzi kama letu, ingawa limetokea katika ukoo mwingine kabisa. Lakini sehemu kubwa ya chembe zake za neva imo ndani ya minyiri, si kichwani. Basi huyo pweza anayekaushwa juani Pemba ni mgeni kuliko wageni wengi wa sinema.

Wanaotafuta uhai kwa vyombo halisi hawatafuti sura. Darubini ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, huchunguza gesi zilizo katika anga za sayari za mbali.

Hata hivyo, tulipotuma ujumbe wetu wenyewe, tulituma sura. Chombo cha Pioneer 10 kiliondoka mwaka 1972 kikiwa na kibao chenye mchoro wa mwanamume na mwanamke, na mshale unaoonyesha njia kilikopitia. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich aliuliza jinsi viumbe wasiowahi kutumia upinde watakavyoelewa maana ya mshale. Wengine waliuliza swali la karibu zaidi. Wabunifu walisema walikusudia kuwakilisha mataifa yote, lakini watazamaji wengi waliona Wazungu wawili.

Miaka mitano baadaye, vyombo viwili vya Voyager vilibeba salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo, na Kisotho kimo, na Kinyanja pia, hata Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo.