Nani Ana Haki ya Kuzoa Taka? Fundisho la Historia kwa Miji ya Pwani

Usafi wa mji si suala la ufagio na gari tu. Ni suala la nani anahudumiwa, nani anasahauliwa, na nani anafaidika na kazi hiyo. Enzi za ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zikafuata mgawanyo huo. Baada ya Uhuru urithi huo haukufutika kwa siku moja. Chini ya Madaraka Mikoani, yaliyoanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa. Zikarudishwa mwaka 1978 zikiwa dhaifu. Magari yalikuwa mabovu na vipuri adimu. Kufikia mwaka 1992 Jiji lilizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake.

Zile chache zilizozolewa zilitupwa wapi? Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, katika pwani ya kaskazini kuelekea Bagamoyo. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 790 wa huko nao walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. Zamu ikawa ya Vingunguti. Jalala halikuondolewa, lilihamishwa kutoka kwa wanyonge hawa kwenda kwa wanyonge wale.

Mwaka 1994 Jiji lilimkabidhi mkandarasi mmoja, Multinet Africa, kata 10 za katikati ya mji, azoe taka na kutoza ada. Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa mwaka 1996 na Tume kuchukua nafasi yake, wakandarasi waliongezwa. Mwishoni mwa muongo huo makampuni na vikundi vya wananchi zaidi ya 50 vilikuwa vimegawiwa maeneo, kila kimoja na lake.

Mfumo huo ulileta ajira na usafi, lakini pia ulizaa mgongano. Kata yenye maduka na lami ina ada. Kata ya vichochoro haina. Kampuni hufuata ada, na kikundi chenye mikokoteni huachiwa vichochoro.

Je, asiye na mkataba ana nafasi gani? Kwanza, anaweza kufanya kazi chini ya mwenye mkataba, akitoa taka vichochoroni hadi mahali gari linapofika. Pili, anaweza kununua chupa, makopo na chuma chakavu kabla havijawa taka. Tatu, anaweza kutengeneza mboji, kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zetu ni mabaki ya vyakula na masoko. Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg.

Lakini njia hizo zinategemea mkataba unasemaje. Mjini Cairo, miaka ya 2002 na 2003, makampuni ya Ulaya yalipewa kandarasi, na wazoaji wa jadi, wazabalini, waliokuwa wakiishi kwa kuchambua taka, wakawekwa kando.

Leo mji unapanda kaskazini, kupitia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo. Halmashauri inapoandika zabuni, haina budi kujibu maswali matatu: kata maskini itafidiwaje na kata tajiri? Vikundi vya wachambuaji vina haki gani? Na jalala litakuwa mlangoni kwa nani? Maswali hayo yasipojibiwa ndani ya mkataba, wananchi watayauliza mahakamani, kama walivyofanya Tabata na Mtongani.