Katekista na Maana ya Kujitolea katika Parokia

Wanaoandika historia ya Kanisa Katoliki katika Afrika ya Mashariki huhesabu miaka tangu siku walipowasili mapadre. Hivyo Bagamoyo hutajwa kwa mwaka 1868, na Buganda kwa mwaka 1879. Hesabu hiyo si ya uwongo, lakini ina upungufu: yatuonyesha aliyefungua mlango, wala haituonyeshi aliyeilinda nyumba. Makala haya yataka kuonyesha kwamba walinzi hao walikuwa walei waliojitolea, hasa makatekista, na kwamba neno lenyewe “kujitolea” lastahili kuchunguzwa pamoja na historia yao.

Habari za Buganda zatosha kuwa ushahidi. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la Mapadre Weupe, walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 waliondoka, wakavuka ziwa na kukaa Bukumbi, upande wa kusini, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885, Mutesa akiwa amekwisha kufa na mwanawe Mwanga akitawala. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu hapakuwa na padre wa kusoma Misa wala wa kusikiliza maungamo. Hata hivyo waliporudi hawakukuta magofu. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa jumba la Kabaka. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, alifundisha watu nyumbani kwake. Na huko Mityana Mathias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu walikusanya watu wa kusali. Hapana hata mmoja aliyekuwa na daraja takatifu, wala aliyepewa mshahara kwa kazi hiyo. Wote wanne waliuawa kati ya Novemba 1885 na Juni 1886, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu pamoja na wenzao 18.

Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Wakristo wale wa kwanza waliitwa kwa Kiganda *abasomi*, na shina la neno hilo ni lile lile la “kusoma” katika Kiswahili. Maana yake ni kwamba dini ilijulikana kwanza kuwa ni mafundisho, na penye mafundisho hapana budi pawe na mwalimu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe, aliagiza kwamba atakaye ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Mapadre walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Kazi hiyo ya miaka minne ingefanywa na nani, kama si katekista? Ndiyo sababu katika vijiji vingi katekista aliitwa “mwalimu” tu, bila kuongeza neno.

Kazi hiyo haikuwa bila hatari. Mwaka 1917, katika nchi ya Waacholi kaskazini ya Uganda, vijana wawili, Daudi Okelo na Jildo Irwa, walijitoa kwenda kufundisha Paimol, ambako katekista aliyewatangulia alikuwa amefariki. Walionywa kwamba mahali hapo pana hatari, wakaenda. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1918 waliuawa. Walitangazwa kuwa wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002.

Sasa tulitazame neno. Kutokana na “toa” twapata “tolea”, na kutokana na “tolea” twapata “jitolea”. Katika Kiswahili cha Kanisa “kutolea” ni kutolea sadaka, na vitu vipelekwavyo altareni huitwa “matoleo”. Basi anayejitolea, kwa lugha ya parokia, si mtu afanyaye kazi bure tu. Yeye mwenyewe ni toleo.

Lakini neno zuri laweza kuficha deni. Katekista ana mke na watoto, na jembe lake hulala siku anapofundisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Ad Gentes* ya tarehe 7 Desemba 1965, uliwasifu wale wanaosaidia kwa sehemu ya wakati wao. Na kwa wale wanaoitumikia kazi hiyo siku zote, ulitaka wapewe ujira wa haki uwawezeshao kuishi kwa heshima. Tofauti hiyo haina budi kushikwa. Mtu aweza kujitoa mwenyewe. Mwingine hana haki ya kumtoa.

Tangu hapo kazi za walei zimeenea. Wanawake Wakatoliki Tanzania waliunda umoja wao, WAWATA, mwaka 1972. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wa AMECEA, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo nafasi ya kwanza, na kwa njia hiyo wakapatikana viongozi, wahazini, na walezi wa watoto katika kila mtaa. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliianzisha huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei.

Sheria hiyo ni mpya, bali jambo lenyewe ni la kale: lilikuwako Mityana mwaka 1883, padre akiwa ng’ambo ya ziwa. Kwa hiyo atakayeandika historia ya parokia yo yote asitosheke kuuliza padre wa kwanza alifika lini. Aulize pia ni nani aliyefundisha padre alipokuwa hayupo, na huyo alikula nini.