Ukitaka kusifu mgahawa, kwanza lipa bili

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MSAFIRI anayefika Tabora, njiapanda ya reli za Kigoma na Mwanza, hujiuliza: nitakula wapi? Tathmini nzuri ya mgahawa ni ile inayomjibu msafiri huyo.

Swali hilo ni la kale. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kwa jina la Kazeh, ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walipumzika hapa na kutafuta chakula cha safari.

Juni 1871 alifika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa akimtafuta Dk. David Livingstone. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anaeleza jinsi wenyeji wake Waarabu walivyompelekea Kwihara wali, kuku wa mchuzi wa bizari, mikate mikubwa ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Wakafuatisha ng'ombe 5, kondoo 8 na mbuzi 10.

Mwandishi wa leo anapata hapo mafunzo mawili. La kwanza ni kutaja na kuhesabu. Stanley hakuishia kusema kwamba alikula vizuri. Alitaja kila kilicholetwa, na msomaji anakiona.

La pili ni onyo. Stanley hakulipa hata senti, na wenyeji wake aliwamwagia sifa tele. Huenda walistahili, lakini msomaji hana njia ya kutenganisha ladha ya chakula na shukrani ya mgeni aliyekirimiwa.

Kwa hiyo, anayetaka kuandika tathmini ya kuaminika azingatie haya.

Kwanza, alipe bili yake na asijitambulishe kabla ya kula. Akipewa chakula cha bure, aseme hivyo katika makala.

Pili, aende zaidi ya mara moja, ikiwezekana mchana na jioni. Siku moja mbaya haitoshi kumhukumu mpishi.

Tatu, aviite vyakula kwa majina yake. Tabora ina nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Ina matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Ina asali ya misitu ya miombo. Neno "kitamu" peke yake halimsaidii msomaji. Aeleze iwapo nsansa zimeungwa kwa karanga, iwapo zina mchanga, na iwapo ugali umeletwa wa moto.

Nne, aandike bei, siku aliyokula na muda aliosubiri. Bei hubadilika, tarehe humlinda msomaji na mwenye mgahawa pia.

Tano, kabla ya kuchapisha lawama nzito, kama ya uchafu, ahakikishe ameiona mwenyewe, kisha ampe mhusika nafasi ya kujibu.

Kanuni hii ya mwisho ina uzito wa pekee kwa mama lishe. Hoteli kubwa inaweza kustahimili aya moja kali, lakini mwenye meza tatu anaweza kukosa ada ya mtoto kwa sababu ya sentensi isiyothibitishwa. Hata hivyo, kumsifu kwa huruma nako ni kumdanganya msafiri, ambaye mara nyingi ana fedha ya mlo mmoja tu.