Boriti za Rufiji na Sifa ya Nchi Yetu

Wasikilizaji wetu, sifa ya nchi haivuki bahari kwa maneno peke yake. Mara nyingi huchukuliwa na kazi ya mikono ya watu ambao hata majina yao hayajulikani. Hao ndio wakata boriti wa delta ya Rufiji, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Kibiti.

Bara Arabu na pwani ya Uajemi zilikuwa na miti michache ya kujengea. Katika karne ya 10 Istakhri aliandika ya kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Biashara hiyo ilidumu hata karne ya 20. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti Rufiji, yakarejea na kusi.

Kazi hiyo haikutaka nguvu tu. Mkata boriti alijua maji kupwa na kujaa, apate kuingiza mtumbwi wake vijitoni na kuutoa. Alitambua mkoko na msinzi, akachagua miti iliyonyoka. Aliipanga kwa unene, fito mbali, boriti mbali, nguzo mbali, akaihesabu kwa korija, yaani miti 20. Elimu hiyo aliipata kwa wazee wake. Huko ng'ambo boriti zilibeba dari, na urefu wake ukawa ndio kipimo cha upana wa chumba, Kuwait kama Lamu.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika Rufiji katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Katika kitabu chake cha mwaka 1940 aliieleza delta kuwa mahali pa mvua, tope, mbu na taabu. Tope lilikuwako, na mbu pia. Lakini msomaji wa Ulaya aliijua Rufiji kwa tope lake, na mtu wa Kuwait aliyelala chini ya boriti aliijua kwa uimara wake.

Wahenga walisema, chema chajiuza. Ni kweli, boriti zilijiuza. Lakini aliyezikata hakutajwa. Basi, enyi wanafunzi wa Nyamisati, Salale na Mbwera, waulizeni wazee wenu habari za kazi hiyo, mziandike wangali hai. Tusipojieleza wenyewe, tutaelezwa na wapitaji.