Bunduki ya marisau: mitutu miwili au pampu?

Mfugaji wa Meatu au mwenye duka wa Bariadi anayetaka bunduki ya marisau lazima kwanza apate leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kati ya aina hizi mbili, chaguo ni lake. Yenye mitutu miwili hubeba risasi mbili tu, lakini ukiifungua unaona papo hapo kama ina kitu. Ya pampu hubeba zaidi, ila risasi iliyosalia ndani haionekani mpaka uikague. Kitako nacho kilingane na mkono wako. Kwa anayelala nyumba moja na watoto, swali la kwanza lisiwe inapiga mara ngapi, bali utajuaje kwamba ni tupu.