Tembo wa 1943, na pesa zilizokufia mikononi

Goma – Tangu banki za mji zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, swali moja halichoki kurudi: mwenye akiba kidogo aiweke wapi? Mmoja atasema dola, mwingine mbuzi, mwingine kiwanja. Na kuna wale wanaopitisha ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: tafuteni sarafu za zamani, zile za Mbeleji na za Mjerumani, kwa maana Wazungu wanazinunua kwa maelfu ya dola. Familia zilizokimbia kutoka Masisi na Rutshuru ndizo zinazoguswa zaidi. Nyingine zilibeba kopo la babu lenye vyuma viwili vitatu ndani, na mtu anakuja kuwapa bei ya unga wa siku mbili. Nyingine zina dola hamsini zilizobaki, na mtu anakuja kuwauzia "sarafu ya mali".

Nani anadanganywa hapo? Pengine wote wawili. Ili kuelewa, inafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya pesa katika nchi yetu ni historia ya watu waliolala na mali wakaamka na karatasi.

Sarafu za kwanza zenye jina la Kongo ni za mwaka wa 1887, wakati wa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabeleji aliyeifanya nchi hii kuwa mali yake mwenyewe. Zile ndogo zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati na nyota pembeni yake. Zile kubwa, za senti 50 hadi faranga 5, zilikuwa za madini ya fedha na zilikuwa na uso wake. (Sisi hapa tunasema "feza" kwa pesa yoyote, hata ya karatasi, neno lenyewe ni jina la madini yale meupe.) Lakini mkaaji wa kawaida hakuziona sana sarafu hizo. Mpira na pembe za tembo vililipwa kwa nyaya za shaba, vitambaa, chumvi, na mara nyingi kwa kiboko. Ni baadaye, Ubeleji ilipoichukua nchi kama koloni mwaka wa 1908 na kodi ya kichwa ikadaiwa kwa pesa, ndipo kila mwanaume alilazimika kutafuta vyuma vya serikali. Kwa hiyo sarafu ya faranga 5 ya 1887 ni adimu kweli. Zilitengenezwa chache na zilipita katika mikono michache. Anayekuambia kwamba babu yake mkulima aliacha gunia zima la hizo, muulize vizuri.

Sarafu inayotajwa zaidi katika maneno ya mitandao si ya Mbeleji. Ni ya Tabora. Mwaka wa 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa. Waingereza waliziba njia ya bahari, na hakuna pesa iliyoweza kufika kutoka Ujerumani. Basi wakatumia karakana ya reli pale Tabora. Walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, kila moja na gramu 7 hivi za dhahabu isiyo safi kabisa. Karakana ileile ilipiga pia heller 20 za shaba, na hizo zilitoka zaidi ya milioni moja. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwa Force Publique, jeshi la koloni ya Kongo. Askari wake wengi walikuwa Wakongomani, na wapagazi wengi waliochukuliwa kwa nguvu katika Kivu hawakurudi nyumbani.

Angalia sasa. Mji ni uleule, karakana ni ileile, mwaka ni uleule. Rupia ya dhahabu leo ni mali ya kweli, na wakusanyaji wa Ulaya hushindana kuinunua. Heller ya shaba unaipata kwa bei ya soda chache. Ukubwa wa miaka hauleti bei peke yake. Kinachouliza bei ni: ngapi zilitengenezwa, ngapi zimebaki nzuri, ndani yake kuna madini gani, na nani anaitaka.

Hapo ndipo tunafika kwa tembo wetu. Wakati wa vita vikuu vya pili Ubeleji ilikuwa chini ya Wajerumani, kwa hiyo Brussels haikuweza kuipigia koloni sarafu. Kazi ikapelekwa Marekani, katika kiwanda cha serikali cha Philadelphia. Ndiko kulikotoka, mwaka wa 1943, faranga 2 za shaba ya manjano, zenye pembe sita, na tembo anayetembea. Ni sarafu nzuri sana, mimi naona ndiyo nzuri kuliko zote tulizopata kuwa nazo. Wazee waliozishika wakiwa watoto wanakumbuka umbo lake kwa vidole. Lakini zilipigwa kwa mamilioni, na shaba yake haina bei. Ukiwa nayo iliyochakaa, mkusanyaji atakupa dola chache tu. Mwaka uliofuata, 1944, Pretoria kule Afrika Kusini walipiga tembo mwingine, wa faranga 50, na huyo alikuwa wa madini ya fedha: gramu 17 na nusu, nusu yake fedha safi. Ndani ya kopo moja matembo hao wawili wanaweza kulala pamoja, na mwenye kopo asijue kwamba mmoja ni wa maana mara nyingi kuliko mwingine. Mnunuzi wa njiani anajua.

Kwa nini basi watu wanaamini chuma kuliko karatasi? Hapo hawana kosa. Juni 1967 Mobutu alileta zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 na ilikuwa na nguvu ya dola mbili za Marekani. Zaire ikagawanywa katika makuta 100, na neno hilo limeishi kuliko pesa yenyewe: hadi leo mtu anasema "sina makuta" bila kufikiri. Desemba 1979, wakati wa Noeli, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifanyi kazi tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi kilikuwa na mpaka. Aliyekuwa Kinshasa na jamaa katika banki alijiponya. Mama mchuuzi wa Walikale au mfugaji wa milima ya Masisi, aliyeweka akiba yake ndani ya mtungi, alibaki na karatasi zenye picha. Mpaka habari imfikie na apate gari, siku zilikuwa zimekwisha.

Halafu ikaja ile ya 1992 na 1993. Noti ya zaire milioni 5 ilitoka, waziri mkuu Tshisekedi akasema si halali, wachuuzi wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi wakalipwa nayo, wakakuta haiwezi kununua kitu, wakageukia maduka ya Kinshasa kwa risasi na uporaji. Oktoba mwaka ule ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa kabisa, wakabaki na noti zao za zamani zilizochakaa, nao hawakuumia kama wengine. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Fanya hesabu mwenyewe. Faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Akiba ya maisha yote ya mwalimu wa 1975 haikufika hata punje.

Na mwaka uleule wa 1975 serikali ya Zaire ilitolewa sarafu za fedha na za dhahabu kwa ajili ya kulinda wanyama. Ile ya zaire mbili na nusu ilikuwa na gorila wa milima, ngagi wetu wa Virunga, na uzito wa gramu 28, karibu zote fedha safi. Mtu aliyeweka noti za zaire mbili na nusu hana kitu. Aliyeweka ile sarafu bado ana gramu 26 za fedha, ambazo sonara yeyote atazipima. Ila sarafu hizo hazikuuzwa sokoni Goma. Zilinunuliwa zaidi na watu wa ng'ambo. Ngagi alikuwa wa kwetu, faida ikawa ya wengine.

Mtu akisoma hapa atasema: basi ninunue. Polepole.

Mwenye dola hamsini na watoto watano, mimi nasema wazi, asinunue sarafu. Sababu ya kwanza ni ya kila siku. Sarafu haizai kama mbuzi, na siku mtoto akiugua huwezi kuipeleka hospitali kulipa dawa. Lazima umpate mnunuzi, na hapa mjini wanaojua kuzisoma ni wachache mno. Birere kambisti anakataa hata dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha. Utamweleza nini juu ya Leopold? Muuzaji wa sarafu popote duniani hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Ukinunua leo na kurudisha kesho, umekwisha kupoteza sehemu nzuri ya pesa yako kabla soko halijasogea. Wanaopata faida ni watu wenye uvumilivu wa miaka kumi au ishirini, wenye vitabu vya bei, na ambao hawatahitaji pesa hiyo kwa chakula.

Ya pili ni udanganyifu. Sarafu kubwa za Leopold zinaigwa siku hizi na kuuzwa kwa wingi. Sumaku inasaidia kidogo: ikiivuta sarafu, ujue si fedha wala dhahabu. Isipoivuta, bado hujajua, kwa sababu shaba pia haivutwi. Mizani inasaidia zaidi. Na mwaka ulioandikwa si ushahidi. Reale ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha iliyotembea na wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, ina mwaka 1780 juu yake, lakini iliendelea kupigwa na mwaka huohuo hadi karne ya ishirini, na bado inapigwa. Watu wameuziana "sarafu ya miaka mia mbili" iliyotengenezwa juzi.

Kuna na aina ya tatu, inayonikera zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 zimetolewa sarafu nyingi zenye maneno République Démocratique du Congo: meli, magari, wanyama, hata Papa Yohane Paulo wa Pili. Ni za kuuzia wakusanyaji tu. Hakuna aliyewahi kununua sombe kwa moja ya hizo katika soko la Virunga, kwa sababu faranga yetu tangu 1998 imetembea kwa karatasi, hata zile senti za mwanzo zilikuwa noti. Zile za fedha zina bei ya fedha yake. Zile za chuma cha kawaida, kama senti 50 za mwaka wa 2002 zenye picha za wanyama, hazina adimu yoyote. Ukiona mtu anakuuzia hiyo kama "pesa ya siri ya serikali", endelea na safari yako.

Turudi kwa kopo la babu, maana hapo jibu ni tofauti. Kile ulichorithi hakikugharimu kitu, na hakuna haraka ya kukitoa. Usikisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu ili king'ae. Mkusanyaji anapenda ile rangi ya uzee, na sarafu iliyosuguliwa inapoteza bei kubwa kwa dakika mbili. Tenganisha za manjano na nyeupe. Soma mwaka na jina. Kama kuna nyeupe nzito isiyovutwa na sumaku, ipime kwa mizani ya sonara, halafu uulize bei ya fedha siku hiyo. Tembo wa 1944 ana gramu 8 na robo tatu za fedha safi, na wakia moja ya fedha ni gramu 31. Tuseme wakia ni dola 30: madini peke yake ni dola 8 na kidogo. Anayekupa faranga elfu mbili anakuibia. Anayesema elfu kumi za dola anataka kitu kingine kwako, mara nyingi "pesa ya kufungua dosie". Piga picha pande zote mbili, mtumie jamaa aliye Nairobi, Kampala au Ulaya alinganishe, na sarafu yenyewe ibaki kwako.

Mahali pa kuiweka ni shida nyingine. Lava ya Nyiragongo inatoka mlimani ikiwa na zaidi ya nyuzi 1,000, na fedha huyeyuka kwenye 961. Tarehe 17 Januari 2002, ilipopita katikati ya mji, makopo mengi yalibaki chini ya jiwe lile jeusi ambalo leo tumejenga nyumba juu yake. Wanaokimbia vita wanajua njia ya wazee: chuma kidogo, kizito, kilichoshonwa ndani ya pindo la kikwembe.