Ndege Kali au Ukapteni wa Haraka? Stori ya Marubani wa Jeti Ndogo za Marekani

Mtu wangu, tuseme kazini unaambiwa uchague gari la kuendesha. Moja jipya lina kila kitu, lingine la zamani, ukiwasha AC inahema. Utachukua lipi? Jibu tunalo wote. Sasa huko Marekani kuna marubani, watu wenye akili zao timamu na leseni mfukoni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wanachagua lile la AC inayohema. Na wengine walikuwa wanaligombania kabisa.

Twende taratibu. Marekani ukipanda ndege iliyoandikwa Delta, United au American kwenda mji mdogo, mara nyingi anayeirusha siyo huyo uliyemsoma ubavuni. Ni kampuni ndogo yenye mkataba wa kuwalisha abiria wale wakubwa, na ina marubani wake na mishahara yake, tena midogo. Zamani hizi kampuni zilitegemea pangaboi. Ndipo Canadair ya Kanada ikachukua Challenger, ile ndege ya matajiri, ikairefusha na kuijaza viti 50. Ikaitwa CRJ. Lufthansa CityLine ya Ujerumani ikaanza nayo 1992, na mwaka uliofuata Comair ya Cincinnati ikawa ya kwanza kuirusha Marekani. Wabrazili wa Embraer wakajibu na ERJ-145, iliyoanza kubeba abiria 1997. Nyembamba kama penseli, kiti 1 upande huu, 2 upande ule.

Abiria walizipenda. Jeti bwana! Nani anataka kelele za pangaboi? Baadaye zikaja ndugu zake kubwa: CRJ700, CRJ900, na familia ya Embraer 170 na 175 ambayo ni pana zaidi. Hizi za baadaye hata wewe huenda umezipanda. Uganda Airlines ilivyofufuka 2019 ilianza na CRJ900, na Kenya Airways wana Embraer 190.

Ila kwa nini viti 50 na siyo 60 au 65? Hapa ndipo stori inapoanza kunoga. Marubani wa kampuni kubwa walikuwa na wasiwasi kwamba mabosi watahamishia kazi yao kwa hawa wa bei rahisi. Chama chao kikabana kwenye mkataba: kampuni ndogo ruksa kurusha jeti, lakini mwisho ni viti kadhaa na uzito kadhaa. Kwa muda mrefu namba ilikuwa 50, baadaye ikapanda mpaka 76, na uzito wa kuruka usizidi pauni 86,000, yaani kama kilo 39,000 hivi. Kipengele hicho kina nguvu kuliko unavyodhani. United ina ndege inaitwa CRJ550: mwili ni wa CRJ700 ya viti 70, ndani wameweka 50 tu ili mkataba usivunjike. Embraer nao wametengeneza 175 mpya yenye injini za kisasa, ikazidi uzito ule, na mwaka 2022 wakausimamisha mradi. Kiwanda kizima kimegota kwenye mstari mmoja wa karatasi.

Sasa turudi kwa rubani wetu. Kitu cha kwanza anachopewa kazini, kikubwa kuliko hata sare, ni namba ya foleni. Namba inafuata tarehe uliyoajiriwa. Kwa wale walioingia siku moja, kuna kampuni zinazompa kipaumbele mwenye umri mkubwa. Baada ya hapo maisha yako yote ni ile namba. Unarusha ndege gani, unaanzia mji gani, Krismasi uko nyumbani au uko hotelini, vyote vinaamuliwa na walio mbele yako kwenye foleni. Wao wanachagua, wewe unaokota kilichobaki. Na hili ndilo baya zaidi: namba haihami. Ukitoka kampuni hii kwenda ile, hata kama umekuwa kapteni miaka 15, unaanza mkiani.

Ndiyo maana kuchagua ndege kulikuwa ni hesabu na siyo mapenzi. Embraer 175 ni ndege tamu. Inajirekebishia yenyewe nguvu ya injini, na ndani mtu mrefu anasimama bila kuinama. Kila mtu anaitaka, kwa hiyo wakongwe wote wamejazana huko. Ukiingia wewe mgeni, unakaa pembeni na simu mkononi ukisubiri kuitwa, wikiendi zako zimekwenda, na ukapteni unausikia kwa wenzako.

Halafu kuna CRJ200. Nguvu ya injini unarekebisha kwa mkono mwanzo mwisho. Mabawa yake kwa mbele hayana vile vipande vinavyofunguka ndege ikipunguza mwendo, kwa hiyo inakuja kutua imeinamisha pua kama inanusa kitu. Siku ya joto ikiwa imejaa inapanda kama mzee kwenye ngazi. Madirisha yako chini, abiria akitaka kuona nje lazima ainame. Kuna Wamarekani wanaiita gari la shetani. Lakini kwa kuwa wakongwe wanaikimbia, foleni yake ni fupi. Huko mtu anaweza kukaa kiti cha kushoto, cha kapteni, miaka kadhaa kabla ya mwenzake wa Embraer. Kapteni analipwa vizuri zaidi kwa mbali, na zaidi ya hapo, kampuni kubwa zilikuwa zinaangalia saa ulizoruka ukiwa kapteni wa jeti. Ndege mbaya ndiyo ilikuwa mlango wa Boeing.

Ila hesabu nzuri nayo ina siku zake.

Waangalie walioingia Comair miaka ya 90. Ilikuwa ndiyo kampuni ya jeti ndogo, kila kijana alitaka kuwa pale. Delta wakainunua. Mwaka 2001 marubani wake waligoma siku 89, wakarudi kazini na mkataba mzuri kuliko wa wenzao wengi. Miezi michache baadaye ikaja Septemba 11. Kampuni kubwa zikaanza kupunguza watu, mlango wa Boeing ukafungwa. Delta wakafilisika 2005. Agosti 2006 jeti ya Comair pale Lexington, Kentucky, ikaruka kutoka barabara isiyo yake, fupi, alfajiri ya giza. Walikuwemo watu 50, akapona mmoja tu, msaidizi wa rubani. Desemba 2007 sheria ikapandisha umri wa marubani kustaafu kutoka 60 hadi 65, maana yake foleni nzima ya nchi ikasimama miaka 5, mbele hakutoki mtu. Mafuta yakapanda, na jeti ya viti 50 ikageuka mzigo, kwa sababu mafuta ni mengi na wa kuyalipia ni wachache.

Tarehe 29 Septemba 2012 Comair ikafungwa. Fikiria mtu aliyeingia 1996 ana miaka 28. Sasa ana 44, kapteni, namba yake iko juu kabisa, na asubuhi namba hiyo haina maana popote duniani. Akienda kampuni nyingine ndogo anakaa kulia, anamsaidia kapteni ambaye 1996 alikuwa shule ya msingi. Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Wazee wa kwanza kufikisha 65 chini ya ile sheria walianza kuondoka Desemba 2012. Foleni ilianza kutembea miezi 3 baada ya wao kufungiwa.

Wakati huohuo siri ya mishahara ilikuwa imeshavuja. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja akiwa nyumbani kwake. Hiyo ilikuwa pangaboi, siyo jeti, lakini uchunguzi ukawafungua watu macho: msaidizi wa rubani alikuwa analipwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka, na alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini kwa sababu kuishi karibu na kituo chake ni gharama. Bunge likaja na sheria, na kuanzia 2013 hata msaidizi alitakiwa awe na saa 1,500 hewani, isipokuwa waliopitia vyuo fulani au jeshini. Vijana wa kuajiri wakaadimika.

Na kitu kikiadimika unajua kinachotokea. Mwaka 2022 kampuni ndogo za American zilipandisha malipo ya msaidizi mpya, pamoja na nyongeza ya muda, hadi dola 90 kwa saa. Mojawapo ni Piedmont, ambayo wakati huo ilikuwa na aina moja tu ya ndege. Mgeni hakuwa na cha kuchagua wala cha kugombania. Alikabidhiwa ERJ-145, ile ile penseli, kiti 1 huku na 2 kule.